Chai, bandari na marafiki wa mbali: yale twadanganyana barazani

Mimi nafanya kazi godauni la chai huku Shimanzi, Mombasa, kwahivo jioni nikikaa barazani na kahawa yangu chungu nikisikia watu wakichambua biashara za nje huwa nacheka. Si dharau, manake mengine hata mimi niliyaamini.

Eti bandari tumeiweka rehani kwa Wachina. Hii ndio mama yao. Ilishika moto 2018 pale barua ya ofisi ya mkaguzi mkuu ilipovuja. Kilichoko ni hivi: SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilijengwa sehemu kubwa kwa mkopo wa benki ya Exim ya China, na mamlaka ya bandari ikaahidi kuipa reli mzigo wa kutosha, ukipungua inalipia pengo. Watafiti wa chuo cha Johns Hopkins, akina Deborah Brautigam, walipoyachambua makaratasi 2022 wakasema bandari haikuwa rehani. Sasa usinifahamu vibaya, hio ahadi ya mzigo yenyewe ilituumiza, manake 2019 kontena zilipolazimishwa reli malori yalilala, na kina mama waliokua wakiwapikia madereva Miritini mpaka Mariakani wakabaki na masufuria matupu. Hilo ndo la kugombania, lakini barazani hulisikii.

Eti ukipata mteja mmoja mkubwa umelala. Hapa sasa ndo kwangu. Mnada wa chai uko Mombasa tangu 1969, na hauuzi ya Kenya peke yake, kuna ya Uganda, Rwanda, Burundi, Malawi na wengine, yote kwa dola. Nikiingia zamu magunia ya karatasi yamepangwa juu ya paleti mpaka karibu na mabati, vumbi lake lanipanda hadi kope, nikioga jioni maji yatoka rangi ya chai kavu. Na mnunuzi mkubwa wa chai yetu ni Pakistan. Basi Juni 2022 waziri wao mmoja, Ahsan Iqbal, akawaambia wananchi wapunguze kikombe kimoja au viwili kwa siku, nchi haina dola. Mitandaoni watu walivunjika mbavu, sisi wa godauni hatukucheka. Mapema 2023 kontena zikakwama bandari ya Karachi, benki za huko hazina dola za kulipia. Alafu Machi 2025 Sudan, wanywaji wazuri sana wa chai yetu, wakapiga marufuku bidhaa za Kenya kisa RSF, wale wapiganaji wanaopigana na jeshi lao, kukaribishwa Nairobi. Gunia halijui siasa jamani, lalala palepale lilipowekwa. Ndo maana nikisikia Misri, Uingereza na Emirati nao wako mnadani nashusha pumzi, mmoja akikohoa si lazima sote tushikwe na homa.

Eti mkataba ukisainiwa soko lishapatikana. Ule wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulisainiwa Desemba 2023, ukaanza Julai 2024, bidhaa zetu zaingia bila ushuru. Sawa. Lakini dawa ya kunyunyizia ikizidi kiwango kwa mishiri, mzigo wakataliwa, ushuru au bila ushuru. Na njia pia, Wahouthi wa Yemen walipoanza kupiga meli Bahari ya Shamu mwisho wa 2023, meli nyingi zikazunguka kule chini Afrika Kusini, na avokado haingojei mtu. Ile AGOA ya Marekani, ya kuingiza bidhaa za Afrika kwao bila ushuru, hata si mkataba, ni sheria yao wenyewe ya mwaka 2000, muda wake ukaisha Septemba 2025. Jirani yangu anashona suruali EPZ, kule kwa viwanda vya kuuza nje, lebo anazozishonea zina bei ya dola tayari, wiki zile alikua akiniuliza mimi habari za Washington kana kwamba mimi ni balozi.

Eti haya mambo ni mageni, tumeletewa juzi. Lo! Nenda Bandari ya Zamani uwaulize wazee. Majahazi ya Omani na Bara Hindi yalikua yashuka na kaskazi yameshiba tende na mazulia, yangoja kusi ndo yarudi na boriti za mikoko, na hakuna aliyesaini kitu, mtu asimama gatini ahesabu boriti moja moja mpaka jahazi lijae.