Utando wa kijani ziwani: tuogope samaki au tuogope maji?

Upepo ukitulia na jua likawaka siku kadhaa mfululizo, maswali huanza kutufikia sisi tunaopima maji ya Ziwa Viktoria hapa Mwanza. Maji ya Luchelele yamegeuka kijani. Igombe yananuka. Je, samaki wanalika? Swali la samaki hutangulia karibu kila mara. La maji ya kunywa huja mwisho, na pengine haliji kabisa. Ingefaa iwe kinyume chake.

Utando huo, mzito kama rangi ya kupaka ukutani, hauna undugu na gugumaji. Ni mkusanyiko wa sianobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama ifanyavyo mimea. Kwa mazoea tunawaita mwani wa kijani-buluu. Katika Ghuba ya Mwanza tunaokutana nao sana ni Microcystis na Anabaena. Seli moja ya Microcystis haionekani kwa macho, lakini maelfu yake hugandana kwa ute yakawa punje za kijani unazoweza kuziona ukichota maji kwenye glasi. Ndani ya seli hizo mna vifuko vidogo vya gesi, navyo ndivyo vinavyozipandisha juu usiku maji yanapotulia. Asubuhi upepo mwepesi husukuma kilichoelea hadi kwenye kona ya ghuba au kwenye mwalo, pale mitumbwi inapoegeshwa. Ndiyo maana anayechota ufukweni anaweza kupata sianobakteria mara mia, hata mara elfu, kuliko aliyesogea na mtumbwi kidogo tu kwenda maji ya wazi. Ziwa ni lile lile na siku ni ile ile.

Si kila utando una sumu. Ndani ya Microcystis wamo wenye jeni za kutengeneza sumu na wasio nazo, na kwa rangi, kwa harufu, hata kwa hadubini huwezi kuwatofautisha. Kipimo cha maabara ndicho kinachoamua. Uchunguzi uliokwisha kufanyika katika ghuba yetu umeikuta sumu hiyo, kwa hiyo kwa mkazi wa Mwanza jambo la busara ni kuuchukulia kila utando kuwa unayo.

Sumu yenyewe inaitwa mikrosistini. Hushambulia ini. Akimeza nyingi kwa mara moja mtu hutapika, huharisha na kuumwa tumbo, dalili ambazo huku kwetu hupewa jina la taifodi au kipindupindu kabla ya kipimo chochote. Akimeza kidogo kidogo kwa miaka, ini huchoka bila kelele. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita kwa maji ya kunywa ya kila siku, na mikrogramu 12 kwa lita ikiwa ni dharura ya muda mfupi. Kwa ulaji wote wa siku, kikomo ni mikrogramu 0.04 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Piga hesabu ya mtoto wa kilo 10: mikrogramu 0.4 tu. Nusu lita ya maji yenye mikrogramu 1 kwa lita imeshamvusha.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niandike. Kuchemsha hakuondoi mikrosistini. Tumefundishwa miaka yote kuchemsha maji, na kwa vijidudu vya kipindupindu na kuhara somo hilo ni sahihi kabisa, liendelee. Lakini mikrosistini ni kemikali iliyofungwa kwa umbo la duara, nayo huhimili moto wa jikoni bila shida. Kibaya zaidi, seli iliyokuwa imeifungia ndani hupasuka kwenye sufuria na kuimwaga majini. Mwaka 2014 mji wa Toledo, Marekani, unaochota maji Ziwa Erie, uliwazuia wakazi wapatao 400,000 kutumia maji ya bomba kwa siku kadhaa, na tangazo lilisisitiza: msichemshe. Caruaru, Brazil, mwaka 1996 palitokea mabaya kuliko hayo. Kliniki ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo ilitumia maji yenye sumu hii ambayo hayakusafishwa ipasavyo, na wagonjwa zaidi ya 50 walikufa kwa ini kushindwa kufanya kazi.

Turudi kwa samaki, maana najua ndipo masikio yalipo.

Wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba sumu hupanda: mdogo analiwa na mkubwa, mkubwa analiwa na mkubwa zaidi, na wa juu kabisa ndiye aliyejaa. Kwa zebaki ni kweli. Kwa mikrosistini mara nyingi mambo huenda kinyume. Haijifichi kwenye mafuta ya mwili, na kila hatua ya mlo sehemu yake huvunjwa au hutolewa na kinyesi. Sangara mkubwa anayekula samaki wenzake kwa kawaida ana kiasi kidogo kwenye mnofu wake kuliko wanaokula karibu na chanzo.

Aliye karibu na chanzo ni sato. Huyu humeza mwani wenyewe, na tumbo lake limeumbwa kwa kazi hiyo: watafiti waliomchunguza Ziwa George, Uganda, walikuta asidi ya tumbo lake hufika chini ya pH 2 (kwenye kipimo hiki namba ikishuka asidi ni kali zaidi), ukali unaotosha kupasua kuta za sianobakteria ambazo samaki wengi huzipitisha nzima. Kwa hiyo sumu hubaki zaidi kwenye utumbo na ini, na kidogo tu hufika kwenye mnofu. Mama anayepasua sato, akatoa matumbo yote na kumwosha kwa maji safi, ameshapunguza sehemu kubwa ya tatizo. Supu ya matumbo na maini ya sato wa msimu wa utando, hiyo mimi siili.

Dagaa ana habari yake. Chakula chake kikuu ni wanyama wadogo wanaoelea, hasa kopepodi, ambao nao hula mwani lakini huchagua, kwa kuwa vidonge vikubwa vya Microcystis vyenye ute haviingii mdomoni kwa urahisi. Tatizo la dagaa ni kwamba tunamla mzima, na utumbo wake ndani. Utafiti wa samaki wadogo wa ziwa hili umeonyesha kwamba kwa walaji wa kila siku, hasa watoto, njia hiyo haifai kupuuzwa. Hata hivyo sitamwambia mtu aache dagaa. Ni protini na madini ya bei nafuu kuliko kitu kingine chochote pale soko la Mwaloni Kirumba, na wengi wao huvuliwa usiku kwa taa mbali na ufukwe, pasipo na utando mzito. Ninachoshauri ni wale wanaokokotwa kandokando, ndani ya maji ya kijani kibichi, wasipewe watoto wadogo.

Baharini sumu za mwani zina tabia nyingine na zimeua kwa haraka zaidi. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakalazwa. Inadhaniwa kwamba sumu ya kasa hutokana na mwani anaoula. Pale kupika hakukusaidia, kama ambavyo hakusaidii huku.

Kwa nini ziwa limefika hapa? Katika miaka ya 1920 wapimaji walishusha sahani nyeupe majini katikati ya ziwa wakaiona hadi zaidi ya mita 5. Leo ndani ya ghuba mara nyingi inapotea kabla ya mita 2. Hadi miaka ya 1960 daiatomu, mwani wenye maganda ya silika (madini yaliyomo pia kwenye mchanga na kioo), ndio waliotawala, na hao ni chakula kizuri. Tangu hapo fosforasi majini imeongezeka karibu maradufu: udongo wa mashamba yaliyolimwa hadi mtoni, maji machafu ya miji, pamoja na majivu ya mapori yanayochomwa, ambayo hupaa na kushuka na mvua. Daiatomu waliongezeka hadi wakaimaliza silika, kisha nafasi ikachukuliwa na sianobakteria, ambao baadhi yao hujipatia naitrojeni kutoka hewani. Wakati huo huo sangara, aliyeletwa miaka ya 1950 na 1960, aliwapukutisha furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, ambao baadhi yao walikuwa wakila mwani na mabaki yake. Mto Mirongo unaokatiza katikati ya jiji letu una mchango wake pia, na huo hatuwezi kumsingizia jirani wa nchi nyingine.

Nyumbani, kama kuna bomba au kisima, maji ya ziwani yaachwe kipindi cha utando. Kama hakuna, chota mbali na ufukwe na chini ya uso wa maji. Chuja kwa kitambaa kizito kilichokunjwa kabla ya kuchemsha, wala si baada, kwa kuwa seli ikiwa nzima bado imeishika sumu yake. Kutuliza maji kwa shabu kisha kumimina ya juu taratibu husaidia kwa sababu hiyo hiyo. Kinachobaki kimeyeyuka hakitoki kwa kitambaa, kwa hiyo uji wa mtoto upikwe kwa maji mengine kabisa.

Wenye vizimba vya kufugia samaki nao huuliza kama sumu ndiyo iliyowaulia samaki. Mara nyingi ni hewa. Utando ukifa huoza na kumaliza oksijeni, na upepo wa kusini-mashariki wa Juni hadi Agosti unaweza kuinua maji ya chini yasiyo na hewa. Samaki wakionekana alfajiri wakihema juu ya maji, punguza chakula, usiongeze.

Ng'ombe, mbuzi au mbwa wakifa baada ya kunywa kwenye mwalo wenye utando, usisubiri. Jaza chupa safi ya kioo, iweke penye giza na ubaridi, uipeleke siku hiyo hiyo kwa afisa uvuvi, afisa mifugo au maabara ya maji iliyo karibu. Kesho yake upepo unaweza kuwa umeshausukuma utando upande wa pili wa ghuba, na maabara isiwe na cha kupima.