Oskileta ya PLL ni nini, na nini hubadilika ukiigusa bodi yake

Oskileta ya PLL (phase-locked loop, yaani kitanzi kinachofunga fezi) ni oskileta isiyoachwa ijiendee. Masafa yake huvutwa juu au chini kwa volti, na muda wote fezi yake, yaani mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake, inalinganishwa na ya kristali tulivu. Ikianza kutangulia au kuchelewa, volti inarekebishwa mpaka ziende pamoja tena. Kwa njia hiyo kristali moja inakupa masafa mengi, yote yakiwa na utulivu wa kristali hiyo.

Kwa Dodoma utulivu huo si anasa. Washa oskileta ya koili na kapasita alfajiri ya Julai kwenye baridi, kisha acha bati la karakana lipate jua la saa saba mchana: kwenye 100 MHz si ajabu ikahama kwa makumi ya kilohezi. Kristali yenye kosa la sehemu 30 kwa milioni itakuwa imepotea kwa 3 kHz tu.

Sehemu zake ni nne: kilinganishi cha fezi, kichujio, oskileta inayovutwa kwa volti (VCO), na kigawanyi. Kigawanyi hugawa masafa ya VCO kwa N kabla hayajafika kwenye kilinganishi, ndiyo maana masafa yanayotoka ni N mara ya rejea, yaani masafa ya kristali yanayofika kwenye kilinganishi.

Kufungwa fezi ni zaidi ya kulingana masafa. Wapiga ngoma wawili wa muheme wanaweza kwenda mwendo mmoja huku mmoja akichelewa kidogo katika kila pigo. Maadamu kuchelewa huko hakukui wala hakupungui, wamefungana. Kukianza kukua, basi mwendo wenyewe umeachana. PLL inafuatilia kuchelewa huko, kwa hiyo kosa la masafa haliwi dogo tu, linakuwa sifuri; linalobaki ni lile la kristali.

Bodi ya kujifunzia hujengwa kwa chipu za CD4046 (kilinganishi na VCO), CD4060 (oskileta ya kristali na kigawanyi chake) na CD4017 mbili (kigawanyi cha N), kwa umeme wa 9 V. Kristali ya 4.096 MHz kwenye CD4060 ikigawanywa kwa 4096 inatoa rejea ya 1 kHz kwenye pini 1, ambayo inaingia pini 14 ya CD4046. VCO inatoka pini 4, inapita CD4017 ya kwanza (kugawa kwa 10, toleo pini 12), halafu ya pili, ambayo pini 15 yake inaungwa kwenye toleo la namba unayotaka kati ya 2 na 9. Matokeo yanarudi pini 3 ya CD4046. Utapata 20 hadi 90 kHz kwa hatua za 10 kHz.

Kwenye CD4046 weka 100 pF kati ya pini 6 na 7, na kilo-ohm 47 kutoka pini 11 kwenda hasi. Kihesabu VCO inafika karibu 160 kHz, ila chipu hutofautiana sana, hivyo isipofika 90 punguza rezista. Pini 5 ya CD4046 iende hasi, na pini 13 za CD4017 vilevile. Kichujio ni kilo-ohm 47 kutoka pini 13 ya CD4046 hadi pini 9, kisha kutoka pini 9 kilo-ohm 10 na mikrofaradi 1 zikifuatana hadi hasi. Kapasita hiyo iwe ya filamu. Ya elektroliti huvuja, na kuvuja huko kunasukuma fezi kando. Kila chipu ipate 100 nF karibu na miguu yake ya umeme. Kupima kama imefunga, weka kilo-ohm 100 kutoka pini 10 hadi hasi na usome volti hapo badala ya kuigusa pini 9. Ikiwa imeganda chini kabisa au juu kabisa, haijafunga.

Makosa mengi hutokea wakati wa kurekebisha bodi. Kasi ya kitanzi inategemea mkondo au volti ya kilinganishi, mvuto wa VCO, kichujio, na N. Ukibadilisha N bila kugusa vingine, kitanzi kinapungua kasi au kinaanza kuyumba.

Chukua bodi za ADF4351 (chipu yenye PLL na VCO ndani yake) zinazouzwa kwa wingi, zenye kristali ya 25 MHz. Wengi wanataka kuzilisha 10 MHz kutoka rejea inayofuata GPS. Kwanza iondoe kristali ya ndani au ukate umeme wake, kwa sababu rejea mbili kwenye waya mmoja hugombana. Mawimbi ya nje yapitie kapasita ya 1 nF, na upande wa kebo uwekwe ohm 51 kwenda hasi. Ukubwa uwe karibu 1 V kilele kwa kilele: chini ya 0.7 chipu hukosea kuhesabu, na 3.3 V usiivuke.

Sasa hesabu. Kwa 2400 MHz, N ilikuwa 96. Kwa 10 MHz inakuwa 240, na kelele ya fezi inapanda. Afadhali kuwasha kizidishi cha rejea kilichomo ndani ya chipu: 20 MHz, N 120. Hiyo ni robo zaidi ya mwanzo, basi mkondo wa kilinganishi upandishwe kutoka mA 2.5 hadi 3.13, na kichujio kinabaki kama kilivyo bila kuguswa na solda. Kigawanyi cha kuchagua bendi nacho kishuke kutoka 200 hadi 160 ili saa yake ibaki 125 kHz. Hiki husahaulika sana.

Rejista sita (nafasi za mipangilio ndani ya chipu) huandikwa kuanzia R5 kushuka hadi R0. Ukigeuza mpangilio, taa ya kufunga haiwaki na utalaumu solda bure. Arduino ya 5 V isiungwe moja kwa moja: kila waya upite kilo-ohm 1, na kilo-ohm 1.8 iende hasi, upate 3.2 V.

Toleo la chipu hii lina umbo la karibu na mraba, hivyo haamoniki ya tatu (masafa mara tatu ya yale unayotaka) ina nguvu na inahitaji kichujio. Jaribu ndani ya lodi bandia ya ohm 50. Antena isubiri leseni ya masafa kutoka TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.