Kumnakili Rembrandt kwa Brashi

Nakala nyingi za michoro ya kale ninazoletewa kutazama hapa Nairobi zina ugonjwa mmoja: penseli imetangulia, wino ukafuata. Sura inafanana, lakini mstari umekufa, kwa sababu mkono unaochunga alama ya penseli huenda polepole na kwa woga.

Chukua mchoro wa Rembrandt, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17: ule wa mwanamke aliyelala, wa mnamo 1654, uliohifadhiwa British Museum, London. Ni brashi na wino wa kahawia, sentimita 24.6 kwa 20.3, kwa hiyo unaenea kwenye A4. Unakili kwa ukubwa huohuo. Ukiupunguza uingie daftari la A5, utaishia kuchora kwa vidole, ilhali ile mipigo mirefu inataka kiwiko.

Chapisha picha yake kwenye saiba (duka la intaneti) badala ya kutazama simu; ukivuta picha kwenye kioo, vipimo vinakupotea. Karatasi ya gramu 80 hujikunja ikilowa, tafuta ya gramu 160 au zaidi. Andaa vikombe viwili: kimoja wino mzito, kingine tone 1 la wino kwa matone 10 ya maji.

Penseli iweke vitone vinne tu: utosi, kidevu, kiwiko, ukingo wa nguo. Kisha weka penseli chini.

Sasa tazama mkono wa nguo kwa makini. Kuna mipigo iliyoanza imejaa wino ikamalizika imekauka, weupe wa karatasi ukichungulia katikati. Hapo ndipo penye somo lote! Chovya brashi, ifute mara moja kwenye kitambaa, ilaze ubavu, vuta haraka. Ikitoka nyeusi tupu, hukufuta vya kutosha. Ikikwaruza mwanzoni, umefuta mno. Rudia pembeni mara kumi ndipo uguse nakala. Mpigo ukikosewa uache, kwani kuupitia tena huziba ule weupe. Wino mwepesi wa nyuma unakuja mwisho, mzito ukishakauka.

Chini andika “kutoka kwa Rembrandt” na tarehe, isije ikadhaniwa kazi yako.

Ukurasa unaofuata, funika picha. Mchore abiria aliyesinzia kwenye matatu ya Thika Road, dakika tatu, brashi kavu ileile. Mkono wa koti lake umalize kwa mipigo minne.