Sadaka, simu na viti vya mbele: dhana potofu kuhusu kuongoza kanisa

Ukikaa na wazee wa kanisa baada ya ibada, iwe Kondele, Mbale au Nakuru mjini, utawasikia wakilalamika kwamba imani imepoa. Wasikilize mpaka chai iishe. Utagundua kwamba karibu kila kisa wanachokitoa kinahusu jambo jingine kabisa: nani ana ufunguo wa ofisi, pesa za jengo ziko kwenye simu ya nani, kwa nini kwaya ya vijana haikuambiwa kwamba mkutano umeahirishwa. Imani ipo. Kilicholegea ni uongozi, na kuna dhana kadhaa tunazozirudia kila mwaka ambazo zinauacha ulegee.

"Zamani kanisa lilikuwa limetulia, haya mabadiliko yameletwa na simu"

Hii ndiyo ninayoisikia zaidi, na kwetu huku magharibi mwa Kenya haina mguu wa kusimamia. Wamishonari wa Friends (Wakweka) kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902. Waanglikana walifungua shule Maseno mwaka 1906. Kizazi hakikuisha kabla ya watu kuanza kujipangia makanisa yao: Yohana Owalo na Nomiya, kisha David Zakayo Kivuli na African Israel Church Nineveh mwaka 1942, kisha Matthew Ajuoga na wenzake waliotoka Anglikana mwaka 1957 na kuanzisha Church of Christ in Africa, wale tunaowaita Johera. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikaja Legio Maria kutoka upande wa Katoliki, ikiongozwa na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. Wakati huo hapakuwa na Facebook, na vijijini wengi hawakuwa hata na umeme.

Kila kundi lilikuwa na sababu zake za kiroho, na sitazibeza. Lakini kiongozi anayesoma historia hiyo kwa jicho la kazi ataona jambo linalojirudia: watu walisema kitu kwa muda mrefu, wakaona hakuna anayesikia, wakatoka. Mvutano kuhusu uamsho ulikuwa umetokota ndani ya Anglikana Nyanza kwa miaka mingi kabla ya akina Ajuoga kuondoka. Haukuwa wa ghafla.

Kwa hiyo swali la kamati lisiwe namna ya kuzuia mabadiliko. Liwe hili: mtu mwenye lalamiko kwetu hulipeleka wapi, na hujibiwa lini? Friends wana desturi moja ambayo ningependa kila kamati iige, hata ya Kipentekosti. Kwa utaratibu wao mambo hayaamuliwi kwa kura. Karani husikiliza, huandika kile anachoona mkutano umekubaliana, kisha hukisoma hapo hapo kabla watu hawajainuka. Asiyeridhika husema papo hapo. Linganisha na kamati zetu ambazo kumbukumbu husomwa miezi mitatu baadaye, wakati hakuna anayekumbuka nani alisema nini, na kila mmoja ana toleo lake.

"Vijana wamemwacha Mungu"

Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakenya milioni 47.6. Waliosema hawana dini walikuwa kama 755,000, yaani chini ya wawili katika kila mia. Mnaweza kusema kijana amejiandikisha Mkristo na haji ibada. Sawa. Lakini huyo hajamwacha Mungu, amewaacha ninyi, na hapo kuna kazi ya kufanya.

Juni 2024, vijana walipojaa barabarani Kisumu, Nakuru na kwingineko kuukataa Mswada wa Fedha, hawakuishia kwa Bunge. Waliyauliza makanisa pia: hizo pesa za wanasiasa mnazipokea kwa nini? Wazee wengi waliona ni utovu wa adabu. Mimi niliona watu wanaolijali kanisa kiasi cha kuligombeza, maana asiyejali hukaa kimya na kulala Jumapili.

Tazama kazi tunazowapa. Kijana hupanga viti, huinua spika, hushughulikia mitambo, husimama mlangoni na kuonyesha wageni mahali pa kukaa. Ikifika saa ya kamati anaambiwa asubiri nje, wazee wanazungumza. Ana shahada ya uhasibu kutoka Maseno lakini hesabu za kanisa zinaandikwa na mzee anayekataa kutumia kikokotoo.

Tulishawahi kuonyeshwa kwamba wanaweza. Makanisa yalipofunguliwa Julai 2020 baada ya kufungwa kwa ajili ya korona, masharti yalikuwa waumini wasiozidi 100, ibada isiyozidi saa moja, na umri kati ya miaka 13 na 58. Mzee wa miaka 60 hakuruhusiwa kuingia kanisa alilolijenga kwa mikono yake! Ilikuwa chungu. Hata hivyo ibada ziliendelea, kwa kuwa mtu wa miaka 25 alisoma somo, mwingine akashika simu kurusha ibada, mwingine akaandika majina mlangoni na kupima joto. Masharti yalipoondolewa, makanisa mengi yaliwarudisha vijana hao kwenye viti na spika kana kwamba hakuna lililotokea. Kama mnataka kuanza mahali, wapeni nafasi mbili za kupiga kura katika kamati. Cheo cha "mwakilishi wa vijana" anayekuja kusikiliza tu hakitoshi.

"Pesa za Mungu haziulizwi"

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ugomvi mwingi wa kanisa ukiufuatilia hadi chini utakuta bahasha.

Nianze na sheria, maana wazee hushtuka wakiisikia. Kanisa lililosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, linatakiwa kuita mkutano mkuu wa wanachama angalau mara moja kwa mwaka, kuwaonyesha hesabu, na kupeleka taarifa ya mwaka kwa msajili. Mwanachama ana haki ya kukagua vitabu. Kwa hiyo yule anayeuliza pesa za mabati zilikwenda wapi hajaasi wala hana pepo la kiburi. Ameuliza kilicho haki yake. Ushirika mdogo ulio chini ya dayosisi au kanisa kubwa kwa kawaida hautegemei usajili wake wenyewe, lakini hilo si kisingizio cha kufunga daftari.

Sasa utaratibu wenyewe, ambao hauhitaji mhasibu. Vikapu vinamwagwa mezani mara tu ibada inapoisha, si jioni nyumbani kwa mtu. Wanakaa watatu wasio wa nyumba moja. Mmoja anapanga noti, mwingine sarafu, wa tatu anaandika. Bahasha za zaka zinafunguliwa moja moja, na kiasi kilichoandikwa juu kinalinganishwa na kilichomo kabla noti hazijachanganywa na nyingine. Makosa mengi huzaliwa hapo, na mara nyingi si wizi, ni haraka. Wote watatu wanatia sahihi, nakala moja inabaki ofisini, nyingine inakwenda na mweka hazina.

Kuna sharti moja linalovunjwa kila Jumapili: hakuna kutoa chochote kwenye rundo kabla ya kuhesabu na kuandika. Mhubiri mgeni anataka nauli ya kurudi Kakamega, mtu anachomoa mia tano, wote wanaona ni jambo la kawaida. Siku hiyo fomu imesema uongo, na wiki ijayo itasema mkubwa zaidi. Pesa ziende benki zote kama zilivyohesabiwa. Nauli ya mgeni itoke kwenye pesa ndogo za matumizi zilizotengwa mapema.

Kisha kuna simu. M-Pesa ilianza mwaka 2007 na leo kwenye ibada nyingi za mjini sadaka ya simu inashindana na ya kikapu. Tatizo ni pale nambari iliyobandikwa ukutani inapokuwa laini ya mweka hazina mwenyewe. Hata kama ni malaika, fikirieni Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Akiwa na deni, pesa yoyote inayoingia inakatwa kwanza kulipa deni hilo. Sadaka ya mjane imelipia salio lake na hakuna aliyeiba. Akifariki, kilichomo kwenye laini ni mali ya marehemu, na mtaanza kuizungusha familia yenye msiba wake. Chukueni nambari ya Paybill au tili kwa jina la kanisa, iunganishwe na akaunti ya benki inayohitaji sahihi zaidi ya moja, na taarifa yake ichapishwe kila mwezi. Jumapili tangazeni jumla ya wiki iliyopita, kikapu mbali na simu mbali. Sentensi mbili tu. Minong'ono mingi itafia hapo.

"Kanisa halidaiwi kodi"

Msamaha wa kodi ya mapato hauji wenyewe. Kanisa huomba kwa KRA, mamlaka ya mapato, na cheti kina muda wake. Hata lenye cheti linabaki mwajiri: mshahara wa mchungaji, karani au mlinzi unakatwa PAYE (kodi ya mshahara) ukifikia kiwango, pamoja na NSSF ya hifadhi ya jamii, SHIF ya afya ya asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, ambao mwajiri naye anaongezea 1.5 yake. Kumwita mlinzi "mtumishi wa Bwana" hakubadilishi hilo.

"Mheshimiwa akija na kitita, ni baraka"

Siwezi kulisema hili kana kwamba ni rahisi. Kanisa lililokwama kwenye lenta miaka sita linapoletewa mabati mia moja, anayesema hapana anahitaji uti wa mgongo. Lakini wapo waliosema. Septemba 2021 huko Butere, kwenye kutawazwa kwa Askofu Rose Okeno, Askofu Mkuu wa Anglikana Jackson Ole Sapit alikataa kuwapa wanasiasa nafasi ya kuhutubia, na vigogo walikuwa wameketi pale. Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Katoliki Philip Anyolo wa Nairobi, ambaye kabla ya hapo alikuwa Askofu Mkuu wa Kisumu, aliagiza mchango wa Rais katika parokia ya Soweto urudishwe.

Ushirika mdogo hauna mamlaka ya askofu mkuu, kwa hiyo unahitaji kanuni iliyoandikwa kabla gari halijafika. Mgeni anatambuliwa akiwa ameketi. Sadaka yake inaingia kikapuni bila kutajwa kiasi. Akitaka kusaidia jengo, anaweka kwenye akaunti na inaonekana kwenye taarifa ya mwaka kama michango mingine yote. Anayeongoza ibada awe na karatasi hiyo mkononi, ili akisukumwa aseme ni uamuzi wa kamati. Mchungaji akiachwa aamue peke yake mbele ya watu, atashindwa, na hatuna haki ya kumlaumu.

Matanga ya Jumamosi ni shida nyingine. Pale uwanja ni wa familia, kipaza sauti ni cha kukodi, na mchungaji ana neno dogo. Anachoweza ni kukubaliana na wenye msiba usiku uliotangulia kwamba mahubiri na maziko yatatangulia hotuba.

"Kumpa mwanamke uongozi ni mambo ya kisasa"

Gaudencia Aoko nimeshamtaja. Kivuli alipofariki mwaka 1974, aliyeongoza kanisa la Nineveh mpaka 1983 alikuwa mkewe, Rebecca Jumba Kivuli. Mwaka huo huo wa 1983, Askofu Henry Okullu wa dayosisi ya Anglikana ya Maseno South alimpa Lucia Okuthe upadre. Emily Onyango aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Bondo Januari 2021, miezi michache kabla ya Okeno. Anayesema hili limekuja juzi hajauliza nyumbani kwao.

"Lugha ya nyumbani ndiyo inayoshika watu"

Kijijini huenda. Nakuru, ambako makabila yamechanganyika na machungu ya ghasia za baada ya uchaguzi, 2007 na 2008, bado yako karibu, ibada ya Kiswahili haitoshi kama kamati ikishafunga maombi inahamia lugha ya walio wengi. Aliyekaa pembeni akitabasamu bila kuelewa atahama, na hatasema kwa nini.

"Mchungaji mzuri hufanya kila kitu"

Anayefanya kila kitu huondoka na kila kitu. Wachungaji wa makanisa mengi huhamishwa, na mmoja anaweza kuwa na makanisa manne au matano ya kuzungukia, kwa hiyo Jumapili nyingi anayeongoza kanisa lenu ni msomaji, katekista au mzee. Hao ndio wa kufundishwa kwanza: kuhubiri, kuendesha mkutano, kutembelea wagonjwa na kuandika ripoti ya ukurasa mmoja.

Habari za uhamisho zikija, sherehe ya kuaga isitangulie makabidhiano. Kaeni na orodha mezani: hatimiliki ya shamba iko wapi, vitabu vya hundi, orodha ya waumini, daftari la ubatizo na ndoa, nani ana sahihi benki, madeni kwa fundi na kwa mwenye duka la vifaa, nywila ya ukurasa wa Facebook. Na mtazame nani ni msimamizi wa kikundi cha WhatsApp. Najua ushirika mmoja ambao hadi leo, ili mtu mpya aongezwe, lazima wampigie mchungaji aliyehamishwa vituo viwili vilivyopita, na hapokei simu siku za Jumatatu.