Fidia ya ajali barabarani Kenya: yanayosemwa stejini na yaliyo kisheria

“Bado tunaongea na kampuni ya bima, kesi itangoja.”
Haingoji. Dai la majeraha lina miaka 3 tangu siku ya ajali, na mazungumzo hayasimamishi hesabu hiyo hata siku moja. Leo utaombwa ripoti ya daktari, mwezi ujao risiti, kisha simu zianze kuita bila kupokelewa. Miaka 3 ikishapita, kampuni haina tena cha kuogopa. Ikiwa gari ni la serikali, una miezi 12 tu. Mtoto huhesabiwa tangu atimize miaka 18, lakini kumngoja akue si busara: mashahidi huhama na faili za hospitali hupotea.

“Dereva aliachiliwa na korti ya trafiki, basi hakuna dai.”
Kesi ya jinai hudai ushahidi usioacha shaka. Ya fidia huangalia tu ni upande upi unaoelekea zaidi kuwa wa kweli. Mtu aweza kushinda ile na kushindwa hii.

“Sikufunga mkanda, sina haki.”
Haki ipo, ila hupungua. Hakimu akikutwika asilimia 20 ya lawama katika dai la shilingi 800,000, unabaki na 640,000.

“Bima italipa yote.”
Sheria ya bima ya magari, Sura 405, imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi humwangukia mwenye gari, na hapo ndipo madai mengi hukwama: mwenye gari ni nani hasa? Matatu iliyouzwa bila kubadilisha logibuku (hati ya umiliki wa gari) ina jina moja NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, na jingine kwenye abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wao wa ajali. Sheria humchukulia aliyesajiliwa kuwa mmiliki hadi ithibitishwe vingine. Kwa hivyo chukua rekodi ya NTSA mapema, ushtaki majina yote mawili pamoja na dereva, na uipelekee kampuni ya bima notisi kabla ya kufungua kesi.

“Gharama za hospitali korti itakadiria.”
Kinachokadiriwa ni maumivu, kwa kulinganisha na hukumu za majeraha yanayofanana. Pesa iliyotoka mfukoni lazima itajwe kwenye hati ya madai na ithibitishwe. Ukidai 45,000 huku risiti zako ni za 12,500, utapata 12,500. Risiti za mashine hufifia wino, hasa za duka la dawa. Zitoe nakala siku hiyohiyo.

“Hii ni karatasi tu ya kupokelea hundi.”
Kampuni ya bima ikikupa karatasi hiyo utie sahihi, isome kabla ya kalamu kugusa. Kwa kawaida inasema umelipwa kikamilifu na hutadai tena chochote kuhusu ajali hiyo. Ikiwa una chuma pajani kitakachotolewa mwakani, na gharama ya upasuaji huo haimo kwenye hundi, utailipa mwenyewe.