Maziwa ya Nyayo hayakumkuta mtoto wa mwaka mmoja

"Daktari, sisi tulilelewa na maziwa ya Nyayo, na tazama tulivyo!" Wiki hii nimeisikia mara tatu, kila mara kwa mzazi ambaye mtoto wake wa mwaka na nusu anashinda na chupa ya maziwa huku mstari wa urefu kwenye kijitabu cha kliniki umelala. Na wote wanangoja serikali irudishe maziwa ya bure ili watoto warefuke.

Maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya Rais Moi, yalianza hapa Kenya 1979, pakiti ya mililita 200, kwa wanafunzi wa shule ya msingi. Aliyeyanywa alikuwa ameshavuka umri ambao kudumaa hutokea zaidi, yaani tangu tumboni hadi miaka miwili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na pakiti ya darasa la kwanza ingewafikia wamechelewa.

Maziwa ni chakula kizuri, sipingi. Lakini yana madini ya chuma kidogo mno, na kalsiamu yake huzuia mwili kufyonza chuma cha vyakula vingine. Mtoto akinywa lita nzima, tumbo limejaa, uji na maharagwe anavisukuma, na baada ya miezi viganja vimepauka, dalili ya upungufu wa damu. Akishatimiza mwaka, nusu lita kwa siku yatosha!

Mexico iliwauzia maskini maziwa ya ruzuku kupitia Liconsa, shirika la serikali, na upungufu wa damu ulipungua kwa watoto wadogo walioyanywa. Ila yale yameongezwa chuma na zinki. Ya ng'ombe wa jirani hayajaongezwa kitu.

Maziwa ya ng'ombe badala ya ya mama kabla ya mwaka mmoja? Hapana, yanaweza kumtoa damu matumboni kidogokidogo. Kuyaongeza maji "yasimkalie nzito" ni kumpunguzia chakula. Chai ya maziwa nayo si maziwa, na majani ya chai huzuia chuma vilevile.

Mama, kwa chuma hicho nunua omena, yaani dagaa. Toa vichwa, osha, kaanga bila mafuta hadi wakauke, saga, weka kwenye chupa yenye kifuniko. Kijiko kimoja kwenye uji au mboga yake, kila siku, kuanzia miezi sita.