Mzunguko wa miezi 36 hauanzii leba

Nimeletewa tena barua ileile. Safari hii imetoka kampuni ya mizigo karibu na bandari, lakini maneno yake nayajua kabla sijaifungua: mfanyakazi ana mimba ya pili, ameomba likizo ya uzazi, na HR (idara ya rasilimali watu) wamemjibu kwamba hastahili kwa sababu mtoto wake wa kwanza hajafikisha miaka mitatu. Barua ina muhuri, ina saini, na imekosea.

Kazi yangu ni ushauri wa masuala ya ajira, sekta binafsi zaidi, na hakuna imani inayonichosha kama hii. Mabosi wanaiamini, wafanyakazi wenyewe wanaiamini, hata viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi nimewasikia wakiirudia kikaoni: lazima miaka mitatu ipite tangu ulipojifungua. Kuna akina dada wanaopanga uzazi wao kwa hesabu hiyo. Kuna wanaoficha mimba hadi haifichiki tena, halafu wanaandika barua ya kuacha kazi wenyewe, kwa sababu wameaminishwa kwamba wamevunja sheria.

Tusome basi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo ndani ya mzunguko wa likizo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Wengi wanaishia hapo. Mzunguko wenyewe umeelezwa kifungu cha 30: ukiacha likizo ya mwaka, ni miezi 36 ya kazi mfululizo kwa mwajiri huyo, kuanzia alipoajiriwa. Ukiisha huo, unaanza mwingine. Tarehe ya kujifungua haimo kabisa kwenye hesabu hiyo.

Chukua dada aliyeajiriwa tarehe 1 Machi 2020. Mzunguko wake wa kwanza umeisha tarehe 28 Februari 2023, wa pili 28 Februari 2026. Akijifungua Oktoba 2022, anachukua siku 84 za mzunguko wa kwanza. Akijifungua tena Agosti 2024, mtoto wa kwanza hana hata miaka miwili, lakini mama yuko kwenye mzunguko wa pili na likizo yake ipo, na analipwa. Sasa geuza: mtoto wa kwanza Aprili 2023, wa pili Desemba 2025. Wote wawili wameangukia mzunguko mmoja. Hapo mwajiri halazimiki kulipa likizo ya pili, na dada huyo nitamwambia ukweli huo hata kama unauma.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Watoto waliopishana miaka mitatu kamili hawawezi kuangukia mzunguko mmoja wa miezi 36. Kwa hiyo kuhesabu kuanzia leba hakumwongezei mama hata siku moja. Kila hesabu hiyo inapotofautiana na ya sheria, anayenyimwa ni yeye. Ndiyo maana kosa hili linadumu: anayelifanya halimgharimu chochote, na anayeumia ameshaambiwa kosa ni lake.

Na aliyeangukia mzunguko mmoja kweli? Hajapoteza kazi. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito si sababu halali, iwe mimba ya kwanza au ya tatu, imekuja mwezi wa tano wa mzunguko au wa thelathini. Tena sheria hairuhusu mama kufanya kazi ndani ya wiki sita baada ya kujifungua, labda daktari athibitishe kwamba anaweza. Lakini nani anamlipa kwa wiki hizo sita ikiwa likizo ya mzunguko huo ameshaitumia? Hapo sheria imemwacha mama katikati: asifanye kazi, na mwajiri asilazimike kumlipa. Huwa nashauri aunganishe siku 28 za likizo ya mwaka na likizo isiyo na malipo, kwa makubaliano ya maandishi. Ni kiraka tu, na ningependa kuwa na jibu bora zaidi.

Mikataba ya mwaka mmoja mmoja nayo inanipa shida. Mwajiri anadai kila mkataba mpya ni ajira mpya. Nikiona kazi ni ileile, dawati lilelile, hakuna hata siku moja iliyokatika, mimi nahesabu ajira moja mfululizo na ndivyo ninavyotetea. Simwahidi mtu ushindi, kwa sababu mwamuzi anaweza kuutazama mkataba kwa jicho jingine. Ila hoja hiyo ya mwajiri inamrudia mwenyewe: kama ajira ni mpya, basi na mzunguko ni mpya, na madai ya miaka mitatu yanaanguka palepale. Kinachobaki kuangalia ni kama mama ametimiza miezi sita kazini, maana kabla ya hapo, kwa kawaida, likizo yenye malipo haipo.

Mengine nayapitia haraka. Mwajiri analazimika kulipa likizo ya uzazi mara nne tu kwa mfanyakazi mmoja. Mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka, mama anastahili siku 84 nyingine ndani ya mzunguko uleule. Likizo ya mwaka haimezwi na ya uzazi. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamemkumbuka aliyejifungua njiti, kwa kuongeza muda hadi zitimie wiki 40 za ujauzito. Mafao ya uzazi ya NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ni haki ya mwanachama aliyetimiza masharti ya michango, na hayamwondolei mwajiri wajibu wa kulipa mshahara.

Saa mbili za kunyonyesha zinahitaji maneno zaidi, kwa sababu Dar inazila. Sheria inamruhusu mama anayenyonyesha kumhudumia mtoto wakati wa kazi hadi saa mbili kwa siku. Kifungu chenyewe hakina ukomo wa miezi sita, ingawa maofisini wanautaja kila siku. Lakini mtoto yuko Chamazi na kazi iko Masaki. Kwa foleni zetu, saa mbili hazitoshi hata kwenda. Kinachofanya kazi ni kuzisogeza: mama atoke saa tisa badala ya saa kumi na moja. Hakuna kinachozuia makubaliano hayo, na waajiri wanaoyakubali nimewaona wakibaki na wafanyakazi wao.

Na mtoto huyo wa Chamazi analelewa na nani? Na dada wa kazi. Huyo naye ni mfanyakazi. Sheria hiihii inamhusu, siku 84 zilezile. Nimekaa na akina mama waliopigania likizo yao hadi mwisho, kisha wakampandisha dada basi kumrudisha kwao Singida siku walipogundua ana mimba. Nikiwaeleza kwamba nao ni waajiri, wananyamaza. Naomba tuliongee jambo hili bila kukwepana.

Baba ana siku tatu, ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe, na ni tatu kwa mzunguko mzima hata akipata watoto wawili humo. Mke akijifungua kwa upasuaji, siku hizo zinaweza kuisha wakiwa bado wodini. Kenya wanatoa wiki mbili.

Wengi wananiuliza kwa nini tusirefushe na likizo ya mama, maana Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 2000 unataka wiki 14 na sisi tuko kwenye 12. Naunga mkono, kwa hofu. Hapa mshahara wa likizo unatoka mfukoni mwa mwajiri, na mwenye duka la Kariakoo lenye wafanyakazi watatu anaijua hesabu hiyo anapochagua wa kumwajiri. Tukiongeza wiki bila kubadilisha mlipaji, naogopa tutawafungia mlango mabinti tunaotaka kuwalinda. Rwanda ilianzisha bima ya likizo ya uzazi kwa sheria ya mwaka 2016: mwajiri na mfanyakazi wanachangia asilimia 0.3 kila mmoja, na mfuko unabeba sehemu ya mzigo. Huko ndiko ningependa mjadala wetu uelekee.

Kwa dada mwenye barua kama ile mkononi: jibu kwa maandishi. Taja tarehe uliyoajiriwa, piga hesabu ya mizunguko yako, ambatisha cheti cha daktari, na taarifa iwafikie angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio ya kujifungua. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikuachisha kazi, una siku 30 tu za kufungua mgogoro CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) kwa fomu Na. 1. Usizimalize ukisubiri kikao cha maridhiano ambacho hakijapangiwa tarehe.